Protini moja ikikosekana: kisa cha watoto wa Maore wenye XP

Kuna kitu huwa tunaambiana sana huku kwetu, kwamba kansa ya ngozi ni ya wazungu na ya ndugu zetu wenye ualbino, mtu mweusi jua halimfanyi kitu. Sasa nataka nichambue kisa kimoja ambacho kinaivunja hiyo imani kabisa, na wala hakijatokea mbali, kimetokea hapo Maore, kisiwa cha Comoro ambacho wengi wanakijua kwa jina la Mayotte, watu ambao ni ndugu zetu wa damu wa pwani hii hii na hata lugha yao ukiisikiliza kwa utulivu unaokota neno kwa neno.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 2011 timu ya watafiti wa Réunion na Ufaransa, akiwemo François Cartault, ilitoa ripoti kuhusu watoto wa Maore wenye ugonjwa unaoitwa xeroderma pigmentosum, jina refu kwahiyo tuuite tu XP kama wanavyouita madaktari. Ulaya na Marekani huu ugonjwa ni adimu mno, makadirio ni kama mtu mmoja hivi kwa kila milioni, Japani uko juu zaidi, kama mmoja kwa 22,000. Maore walikuta mtoto mmoja kwa kila 5,000 wanaozaliwa. Hakuna sehemu nyingine duniani iliyokuwa imeripotiwa kiwango cha juu hivyo. Na wagonjwa wote ni weusi, wazazi weusi, babu na bibi weusi.

Namna unavyoanza ndo kinachoumiza. Mtoto anazaliwa mzima kabisa, hana alama yoyote. Anakua, anatambaa, anabebwa mgongoni mama akienda sokoni au shamba, anachezea uani kama watoto wote. Kwenye mwaka wa kwanza au wa pili vinaanza kutokea vidoa vidoa vyeusi usoni, vinashuka shingoni, mikononi, kila sehemu inayopigwa jua, ila ukimvua shati mgongo na tumbo ni ngozi safi laini ya mtoto. Alafu ngozi inakauka, inakuwa na mabaka mengine meusi mengine meupe. Macho nayo yanakataa mwanga, mtoto akitoka nje anafumba, machozi yanatiririka, macho mekundu muda wote. Baadae vinaanza vivimbe, kwenye pua, kwenye mdomo, kwenye kope, hata kwenye ncha ya ulimi, manake ncha ya ulimi nayo mtoto anaitoa nje inapigwa jua. Hivyo vivimbe ni kansa. Taasisi za taifa za afya za Marekani zilifuatilia wagonjwa 106 wa XP kuanzia 1971 mpaka 2009, wakakuta kansa ya kwanza ya ngozi, zile za kawaida ambazo sio melanoma (kansa ya seli za rangi ya ngozi), inatokea kwenye umri wa kati wa miaka 9, wakati kwa Wamarekani wengine huo umri ni 67. Miaka tisa, yaani mtoto wa darasa la tatu. Na kwa walio chini ya miaka 20 hatari ya kupata hizo kansa ilikuwa mara 10,000 ya mtu wa kawaida.

Sasa swali linakuja, hawa watoto wana nini? Melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, wanayo, tena nyingi. Jua la Maore ni hili hili linalopiga Mtwara na Mombasa na watu wanaishi nalo miaka 80. Kilichokosekana kwao ni protini moja tu. Moja, na kwenye mwili kuna protini za aina maelfu kwa maelfu.

Ili hili likae vizuri inabidi tuanze na jua lenyewe linafanya nini ndani ya seli. Kinacholeta shida ni mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho inayoitwa UV, hasa ile aina ya UVB. DNA, yale maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli, ni nyuzi mbili zilizosokotana zimeandikwa kwa herufi nne, A, T, C na G, A inashikana na T ya upande wa pili na C inashikana na G. UVB ikipita pale zilipokaa T mbili jirani kwenye uzi mmoja, au T na C, au C mbili, inaziunganisha zenyewe kwa zenyewe, badala ya kila moja kuangalia mwenzake wa upande wa pili zinagandana kwa ubavu. Kuna kugandana kwa aina mbili. Moja ni dimeri, hii ndo inatokea kwa wingi na ubaya wake ni kwamba haiupindishi sana uzi, kwahiyo ni ngumu kuigundua. Nyingine inaitwa 6-4, inatokea kwa uchache ila inaupinda uzi kwa nguvu. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba seli moja ya ngozi iliyopigwa jua inaweza kupata madhara mpaka 100,000 kwa siku moja, na hapo ni seli moja, ngozi ina mabilioni.

Hayo madhara yakibaki, siku seli inapogawanyika na kunakili DNA yake inafika pale inasoma vibaya, sanasana C inaandikwa T, na zile C mbili zilizogandana zinaandikwa TT. Hiyo CC kugeuka TT ni kama saini ya jua, ukiiona kwenye kansa ya ngozi unajua kabisa jua ndo lilipita hapa, na ukipima kansa za watu wa XP hasa kwenye ile jeni (kipande cha DNA chenye maelekezo ya kutengeneza protini) ya p53 inayozuia seli kugawanyika ovyo unaikuta imejaa.

Kwa mtu wa kawaida haifiki huko kwa sababu protini zinakarabati usiku na mchana. Zile 6-4 zinaondolewa ndani ya masaa machache, dimeri zinachukua siku nzima au zaidi. Namna ya ukarabati wenyewe ni kukata na kujaza, kama fundi cherehani anavyoweka kiraka kwenye nguo iliyoungua na pasi, hakati pale palipoungua tu, anakata na pembeni mpaka afike kwenye kitambaa kizima, anatoa kipande chote, ndo anaweka kipya. Kwenye seli zetu kipande kinachokatwa ni kama herufi 30 hivi, kwa bakteria ni 12 au 13. Aliyehangaika sana kuyajua haya ya kukata ni Aziz Sancar, mtoto wa Savur kule kusini mashariki mwa Uturuki, wazazi wake hawakujua kusoma wala kuandika, akawa daktari, akaenda Marekani kusomea protini hizi, na mwaka 2015 akapewa Nobeli ya kemia pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich waliochambua njia nyingine za kukarabati DNA.

Hatua zenyewe ziko hivi, na nazieleza kwa mpangilio kwa sababu bila mpangilio huwezi kuelewa kwanini kukosa protini moja kunaua kazi yote. Ya kwanza kabisa kufika ni XPC. Hii ndo inayozunguka DNA nzima kutafuta penye shida, na namna inavyotafuta mimi inanishangaza kila nikiifikiria, manake haiangalii kidonda chenyewe. Mwaka 2007 Min na Pavletich wa New York walitoa picha ya protini ya hamira inayofanana na XPC, inaitwa Rad4, ikiwa imeshika DNA iliyoharibika, ikaonekana kwamba inachomeka kipande chake kilichochongoka katikati ya nyuzi mbili pale ambapo herufi hazijashikana vizuri, inazisukuma nje herufi mbili za ule uzi MZIMA, yaani usioharibika, na hizo ndo inazishika. Kidonda kiko upande wa pili, haikigusi kabisa. Ukitafakari utaona kwanini ni hivyo, uharibifu wa DNA uko wa aina nyingi, wa jua, wa moshi wa sigara, wa baadhi ya dawa za kansa, kila mmoja na umbo lake, sasa protini ambayo ingetakiwa itambue kila umbo isingewezekana, ila hii inatambua kitu kimoja tu ambacho wote wanakisababisha, yaani nyuzi mbili kulegeana. Kwa zile dimeri ambazo hazipindi sana inasaidiwa na protini nyingine, DDB2, ambayo inatangulia na kuikunja DNA ili XPC ipate pa kuingilia.

XPC ikishakaa inaita kundi la protini kumi linaloitwa TFIIH. Ndani ya hilo kundi kuna XPB na XPD, hizi ndo zinafungua nyuzi, na XPD inatembea juu ya uzi mpaka inagonga kidonda inakwama, kukwama kwake ndo uthibitisho kwamba kweli hapa pana shida sio kengele ya uongo. XPA inakuja kuhakiki, RPA inaushika uzi mzima usikatwe kwa bahati mbaya, alafu XPF ikiwa na mwenzake ERCC1 inakata upande mmoja, XPG inakata upande wa pili, kipande kinatoka. Polimerasi inajaza herufi mpya kwa kusoma ule uzi mzima, ligasi inafunga, kazi imeisha.

Watoto wa Maore wanazo hizo zote. TFIIH wanayo, XPA wanayo, mikasi yote miwili wanayo, polimerasi na ligasi zipo. Wanachokosa ni XPC. Ni kosa la herufi moja tu mwishoni mwa introni ya 12 ya jeni ya XPC iliyoko kwenye kromosomu ya 3. Introni ni kile kipande cha jeni ambacho seli inakikata na kukitupa kabla ya kutengeneza protini, na mwisho wake kwa kawaida unaandikwa AG, hiyo AG ndo inaiambia seli kata hapa. Kwa hawa watoto G imekuwa C. Seli ikifika pale haioni alama ya kukatia, inaunga vibaya, ujumbe unaharibika na protini haitengenezwi kabisa, ukipima seli zao unakuta XPC haipo. Yaani vifaa vyote vya ukarabati vimekaa vinasubiri kuitwa na hakuna wa kuita.

Sasa hapa kuna jambo ambalo naomba ulisome taratibu, kwa sababu ndo linaeleza kwanini hawa watoto wanachelewa kugundulika. Seli ina njia ya pili ya kugundua uharibifu bila kutumia XPC. Jeni inapotumika kuna protini inayoisoma, RNA polimerasi II, inatembea juu ya uzi. Ikikutana na kidonda inakwama. Kule kukwama kunawaita CSB na CSA, protini nyingine mbili, na hawa nao wanaita TFIIH, kuanzia hapo kazi inaendelea kama kawaida. Kwahiyo mtoto asiye na XPC bado anakarabati zile jeni ambazo seli inazitumia saa hiyo, anachoshindwa ni kukarabati sehemu kubwa iliyobaki ya DNA ambayo haisomwi kwa wakati huo.

Matokeo yake ni kwamba mtoto HAUNGUI na jua. Kuungua kule kwa ngozi kuwa nyekundu na kutoa malengelenge kunatokana kwa sehemu kubwa na seli kukwama kusoma jeni zake na kufa. XP ina aina zake kutegemea protini iliyokosekana, hawa wa Maore ni XP-C. Mtoto mwenye XP-A au XP-D akitoka nje muda mfupi tu anavimba uso, malengelenge, analia siku kadhaa, mzazi lazima akimbie hospitali. Mwenye XP-C anacheza juani kutwa anarudi nyumbani yuko sawa. Seli zake hazifi, zinaendelea kuishi na kugawanyika zikiwa na makosa kwenye DNA ambayo hakuna aliyeyarekebisha. Kliniki ya XP ya London ilionyesha hili wazi mwaka 2013, kwamba wagonjwa wa aina ya C, E na V ngozi yao inaungua kama ya mtu yeyote wa kawaida, na ndo hao hao wanaochelewa kugundulika, na wanapata kansa mapema kuliko wale wanaoungua, kwa sababu waliokuwa wanaungua walifichwa jua tangu wachanga.

Kinyume chake kipo pia na kinathibitisha haya ninayosema. Kuna ugonjwa unaitwa Cockayne ambapo CSA au CSB ndo imeharibika na XPC iko salama. Hao wanaungua na jua vibaya, wanadumaa, mishipa ya fahamu inaharibika, ila kansa ya ngozi hawapati. Njia moja ikifa seli inakufa, njia nyingine ikifa seli inaishi na makosa. Ukiweka hizi picha mbili pamoja unaelewa kwamba kansa inahitaji seli ambayo IMEBAKI hai.

Na kitu kingine kuhusu XP-C, mara nyingi ubongo unakuwa salama, tofauti na XP-A ambayo watoto wengi wanapoteza kusikia na kutembea kadri wanavyokua. Mtoto wa Maore mwenye XP anaelewa darasani vizuri tu, anaweza kuwa wa kwanza. Kwahiyo ukimgundua mapema na kumkinga unaokoa maisha kamili ya mtu, na hili ndo linanifanya nione uchungu nikifikiria mtoto aliyepelekewa mafuta ya nazi na dawa za fangasi kwa miaka minne wakati vidoa vilianza akiwa na mwaka mmoja na nusu.

Tunajuaje kwa uhakika kwamba tatizo ni ukarabati? Hilo lilijulikana 1968 San Francisco. James Cleaver alikuwa anasoma namna seli zinavyojikarabati baada ya kupigwa mionzi, akasoma habari ya ugonjwa huu kwenye gazeti, akajiuliza je hawa watu wanaoshindwa na jua ukarabati wao ukoje? Akachukua seli za ngozi zao, akazipiga UV, akaziwekea thimidini yenye mionzi ambayo seli inaitumia kama herufi T pale inapojaza kipande kipya. Alafu unaweka juu yake tabaka la filamu ya picha, unaacha gizani, unasafisha, unaangalia kwenye hadubini. Seli ya mtu asiye na XP kiini chake kinakuwa kimejaa vidoti vyeusi, kila kidoti ni alama kwamba hapa kimejazwa kitu. Seli ya mwenye XP vidoti ni vichache mno. Kabla ya hapo ugonjwa ulikuwa unajulikana tangu Moritz Kaposi wa Vienna alipouelezea karne ya 19, ila kwa karibu miaka mia hakuna aliyejua chanzo. Baadae 1972 watu wa Rotterdam wakaunganisha seli za wagonjwa wawili tofauti zikawa seli moja, na baadhi zikapona, manake kila mmoja alikuwa na protini aliyoikosa mwenzake. Hapo ndo ikajulikana XP sio ugonjwa wa jeni moja, leo tunahesabu aina nane, A mpaka G na ile ya V.

Turudi kwenye ngozi nyeusi sasa, manake hapo ndo penye ubishi mwingi. Mwaka 1979 Kaidbey na wenzake Marekani walipima kiasi gani cha UVB kinapita kwenye tabaka la juu la ngozi. Kwa mzungu ilipita kama asilimia 24, kwa mtu mweusi asilimia 7.4. Ni tofauti kubwa sana, melanini inafanya kazi kweli sio stori. Lakini angalia tena ile 7.4, sio sifuri. Kila siku ya Mungu UVB kiasi fulani inatupita sote weusi na kugandisha herufi kwenye DNA zetu, na hatuugui kwa sababu kabla haijaleta madhara XPC na wenzake wameshaondoa. Kwa mtoto asiye na XPC ile 7.4 inajumlishwa leo, kesho, keshokutwa, bila kuondolewa. Melanini inapunguza kinachoingia, haiondoi kilichoingia, hizo ni kazi mbili tofauti na tumekuwa tukizichanganya muda mrefu.

Ndo maana pia XP na ualbino visichanganywe japo naona vinachanganywa hata na watu wa afya. Mwenye ualbino ana XPC, ana XPA, ukarabati wake wote ni mzima, anachokosa ni melanini, kwahiyo kinaingia kingi kuliko kinachoweza kukarabatiwa. Tanzania makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtu mmoja kwa kila 1,400 hivi na kwa ajili yao hospitali ya KCMC Moshi wanatengeneza losheni ya kuzuia jua ya Kilisun, kazi ambayo mimi naiheshimu sana. Mtoto wa XP anazaliwa na rangi ya wazazi wake, nywele nyeusi, macho meusi, hakuna anayemfikiria kumpa losheni wala kofia. Ukiona mtoto mweusi chini ya miaka miwili ana vidoa vidoa vya sehemu za jua tu na macho yanakataa mwanga, usiseme ni mzio, usiseme ni minyoo, fikiria XP, mfiche jua siku hiyo hiyo wakati unatafuta daktari wa ngozi.

Je hii herufi moja ilifikaje Maore? Watafiti walipima DNA ya kwenye mitokondria ambayo inatoka kwa mama na ile ya kromosomu Y inayotoka kwa baba, wakakuta nasaba za Afrika kusini mwa Sahara, za Wabantu, na wakakadiria kwamba kosa lenyewe lina umri wa kama miaka 800. Yaani wakati Kilwa inapanda na majahazi yanashuka mpaka Comoro, kuna mtu mmoja, mume au mke hatujui, alikuwa na G iliyogeuka C, akiwa mzima wa afya kabisa, akazaa. XP inahitaji nakala mbili mbovu, moja ya baba moja ya mama, mwenye moja haugui maisha yake yote. Kwenye kisiwa kidogo ambako familia zinaoana kwa vizazi vingi, nakala hizo zikakutana. Kila mimba ya wazazi wote wawili wabebaji ina nafasi moja kwa nne. Na ukipiga hesabu ya kawaida ya jenetiki, mgonjwa mmoja kwa 5,000 inamaanisha wabebaji ni kama mmoja kwa 35, japo kwa sababu ya ndoa za ndugu wabebaji wanaweza kuwa wachache kidogo kuliko hapo. Sitaki mtu asome hapa aanze kulaumu ndoa za mabinamu wa pwani au kusema ukoo fulani una laana. Kila mmoja wetu amebeba jeni kadhaa mbovu za hivi bila kujua, na mama wa mtoto mwenye XP hajafanya kosa lolote wakati wa ujauzito.

Na haikuishia Comoro. Mwaka 2019 ikatolewa ripoti kutoka Afrika Kusini, wagonjwa weusi wa XP kule wakapimwa, wakakutwa na kosa lile lile kwenye herufi ile ile. Kosa moja Maore, kosa hilo hilo Afrika Kusini, na katikati yake kuna Msumbiji, Malawi, Tanzania, Zambia, Zimbabwe, Kenya. Ile ripoti ya 2011 yenyewe ilishauri nchi za Kibantu za mashariki ya Afrika zipime.

Kuhusu matunzo niseme ukweli, dawa ya kurudisha XPC mwilini haipo. Kinachofanya kazi ni kuzuia UV isifike, na hili ni zito kuliko linavyosikika. Nguo za mikono mirefu zilizofumwa kwa kubana, kofia, miwani, glavu, losheni kila baada ya masaa mawili, na wakitoka nje mchana wanavaa kinyago chenye kioo kinachozuia UV na kifeni kidogo ndani ili mtoto apumue. Sasa fikiria hicho kinyago kwenye joto na unyevu wa kisiwani, wenzake wako ufukweni wanaogelea. Kioo cha dirisha cha kawaida kinazuia UVB ila UVA, aina nyingine ya UV, inapita kwahiyo darasani na kwenye gari unabandika filamu, mawingu hayazuii, na baadhi ya taa nazo zinatoa UV inabidi zipimwe. Kwa kuwa hapati jua, vitamini D lazima apewe kwa kumeza. Asikae penye moshi wa sigara, manake uharibifu wa moshi nao ni XPC ndo ingeukarabati. Ngozi, macho na ulimi vikaguliwe kila miezi michache na kila kivimbe kitolewe kikiwa kidogo, hapo mtu anaishi mpaka utu uzima.

Yamejaribiwa mengine. Mwaka 1988 isotretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A, ya kumeza kwa wagonjwa watano ilipunguza kansa mpya kwa asilimia 63, ila ilikuwa na madhara makali na walipoacha zikarudi. Siku hizi dawa za kinga zinazozuia PD-1, protini inayofanya kama breki ya kinga ya mwili, zimewasaidia baadhi ambao kansa ilishindwa kukatwa, na inaleta mantiki, kansa zao zina makosa mengi sana ya DNA kwahiyo kinga ya mwili inaziona ngeni haraka. Ila jaribio ninalolipenda ni la 2001. Kuna kirusi kinachoshambulia bakteria, kinaitwa T4, kina protini yake ndogo ya kutambua dimeri za jua na kukata hapo hapo, haihitaji XPC wala TFIIH kutambua. Wakaichukua ile protini wakaifunga ndani ya vitone vidogo vya mafuta wakatengeneza losheni, wagonjwa 30 wa XP, wengine walipakwa hiyo na wengine losheni tupu, mwaka mzima. Kwa waliopakwa protini vile vidonda vinavyotangulia kansa vilikuwa pungufu kwa asilimia 68. Protini ya kirusi imeingia kwenye seli ya mtu na kuanzisha kazi iliyokuwa imekwama kwa sababu ya herufi moja! Haijawa dawa ya kununua dukani mpaka leo na mimi nasikitika, sababu kubwa nadhani ni kwamba wagonjwa ni wachache.

Lakini kupima hakuhitaji kusubiri losheni. Kwa sababu kosa ni moja na linajulikana liko wapi, maabara yoyote yenye mashine ya PCR, ile ya kunakili kipande cha DNA ili kipimwe, inaweza kuanza na hiyo herufi moja ya introni ya 12 kabla ya kusoma jeni nzima, na ikikutwa kwa mtoto, wapimwe wadogo zake wote siku hiyo, hasa yule mchanga ambaye bado hana doa hata moja.